Gitaa Lililopakwa Mafuta

Watu wa Bunia hawamjui mpiga besi. Wanamjua mwimbaji, wanamjua mpiga solo, hata yule anayerukaruka mbele na kitambaa mkononi wanamjua jina na nyumba ya mama yake. Mpiga besi anasimama nyuma karibu na ngoma, na ukiuliza nani alikuwa pale, utaambiwa, "Iko muzee moja hivi." Huyo muzee mmoja hivi, kwa maisha yote ya bendi yetu, alikuwa Isidore. Ninaandika habari zake kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika, na kwa sababu nimekasirika na hasira yangu haina pa kwenda.

Mimi ni Kamate. Nilipiga gitaa la kusindikiza, na sasa natengeneza redio na simu kwenye kibanda changu karibu na soko. Roger alipiga solo na kuimba. Wengine walikuja na kuondoka. Mpiga ngoma wetu wa mwisho anauza mafuta ya pikipiki Niania kando ya barabara, na anasema amepumzika. Tuliobaki ni sisi watatu, na Isidore ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kwa umri na kwa ukimya. Alizaliwa kwenye vilima vya Djugu, kwa watu wa maharagwe na viazi. Kijiji chenyewe leo ni majani, na mama yake alifia chini ya turubai katika kambi ya waliokimbia. Hayo hakuyasimulia mara nyingi. Ukimuuliza habari za kwao, alikuwa anakuuliza habari za kwenu.

Gitaa lake lilitoka Kampala, limefungwa ndani ya godoro la mfanyabiashara. Lina nyuzi nne tu, lakini nyuzi za besi hapa kwetu hazipatikani kama sukari. Zikichoka na kuanza kulia kama kamba ya kuanikia nguo, Isidore alizifungua akazichemsha kwenye sufuria pamoja na sabuni, jasho na uchafu ukatoka, zikapata nguvu tena kwa majuma machache. Sufuria ilikuwa ya Alphonsine, mke wake. Mama huyo akifunua atie sombe, majani yake ya muhogo, anakuta nyuzi zinazunguka majini.

"Baba Gentille, leo tunakula kamba?"

"Ikiiva nitakuita," Isidore anajibu.

Uzi mnene ulipokatika kabisa, tuliweka waya wa klachi ya pikipiki. Ulilia, siwezi kukataa, lakini uliula mkono wake. Baada ya kila kazi alikaa na vidole ndani ya bakuli la maji ya chumvi, anasikiliza wengine wakibishana.

Ampli niliitengeneza mimi, na sitaki mtu aseme vingine. Transfoma ilitoka kwenye kipaza sauti kilichokufa. Spika ilikuwa imepasuka karatasi yake, nikaiziba kwa gundi na noti za zamani za zaire, ambazo hatimaye zilipata kazi. Sanduku alilipiga fundi wa majeneza wa mtaa wa Saio kwa mbao za libuyu. Fundi yule hakujua kutengeneza sanduku la aina nyingine, kwa hiyo aliliwekea vishikio vya jeneza. Tulipolishusha kwenye gari watu walivua kofia. Roger alikuwa anawaambia, "Asanteni, alikuwa mutu mwema." Lakini ile ampli ilikuwa na kifua. Ikilia, maji kwenye glasi yanatetemeka.

Kazi nzuri ilikuwa Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji akitoka shimoni na kitu mfukoni hachezi kidogo, anacheza na matope yake na buti zake mpaka saruji inageuka kuwa shamba. Njia ndiyo ilikuwa adhabu. Lori likizama tulibeba ampli vichwani kama wafiwa, mvua ikitunyeshea, tukifika inafuka mvuke, nami naifungua na kuikausha kando ya moto wa mama muuza mishikaki. Isidore hakulalamika hata siku moja. Mimi nililalamika kwa niaba yake.

Safari moja, tukirudi, tulisimamishwa na vijana wenye bunduki kwenye kona ambayo sitaitaja. Waliona magitaa, wakafurahi. Mkubwa wao alikuwa na miwani ya jua iliyokosa kioo kimoja.

"Mupige," alisema. "Siye pia tuko watu."

Hakukuwa na umeme wala jenereta. Gitaa langu na la Roger, hata makavu, yalitoa kasauti kadogo. Besi kavu ni bubu. Isidore alipiga, vidole vinakwenda, hakuna kinachosikika. Yule wa miwani akamsogelea akamtazama mikono.

"Muzee, weye unatuchezea? Wenzako wanapiga, weye unafanya mikono tu."

Akaikoki bunduki. Isidore aliendelea kupiga. Ndipo Roger, bila kusimamisha gitaa lake, akageuza uso upande kana kwamba anatazama lori, akaanza kuitoa besi kwa koo, dum, du-dum, dum, kila sauti ikianguka pale pale kidole cha Isidore kilipogusa uzi. Kijana akatazama vidole, akasikia sauti, akatikisa kichwa, akaanza kucheza. Tulipiga mpaka Roger akakaukiwa mate. Wakatuachia. Tangu siku hiyo, mtu akimsema Roger vibaya mbele yake, na Roger alikuwa na mengi ya kusemwa, Isidore alijibu neno moja tu: "Ule mutu alinipatia sauti."

Halafu muziki wetu ukafa, na haukufa kwa risasi. Nganda zetu, zile baa tulizozijaza, zilinunua kompyuta. Kijana mmoja anabonyeza, wanamuziki wote wa Kinshasa wanaingia bila kula wala kunywa. Ikaja amri ya kufunga mapema, barabara ya Mongbwalu ikawa inafungwa leo na kufunguliwa kesho, na Roger akabaki hukohuko machimboni, anachimba na kuimba. Hata makanisa hayakumtaka mpiga besi, kwa sababu mpiga kinanda anaipiga besi kwa mkono wa kushoto. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mkono wa kushoto wa kijana mmoja ulimfukuza kazi mtu mzima.

Wakati huo ndipo Alphonsine alipougua tumbo. Alikuwa mwanakwaya wa kanisa la Kiprotestanti lililo chini ya mteremko, karibu na nyumba yao ya Saio, mwanamke mfupi mwenye utani ambaye alimpenda mume wake waziwazi, jambo ambalo majirani waliliona ni kukosa adabu. Walimpasua. Uani mwa hospitali, mbele ya akina mama wa kwaya, Isidore, aliyekuwa haingii kanisani ila kwa harusi, alisema, "Mungu akimurudisha, ile gitara itakuwa yake."

"Ungemwahidi mbuzi," nilimwambia nilipopata habari.

"Mbuzi sina."

Alphonsine alirudi nyumbani. Ahadi ni deni, na ahadi iliyosikiwa na kwaya nzima ni deni lenye mashahidi wa sauti nne. Isidore akapeleka gitaa.

Katika kanisa lile chombo kilichotoka duniani hakiingii hivi hivi. Pasta Aaron na wazee wa kanisa walikilaza mezani, wakaweka mikono, wakaomba, wakakipaka mafuta. Mzee mmoja mwenye bidii aliyamimina mpaka yakaingia kwenye vitufe vya sauti, na tangu hapo ukivigeuza vinakwaruza. Nilikuja na pamba nikasafisha, nikilaani kwa sauti ya chini kwa heshima ya mahali. Na kanuni yao ni hii: kilichowekwa mikononi mwa Bwana hakitoki tena. Hakiendi harusini, hakiendi nganda, hakilali nyumbani. Gitaa likatundikwa kwenye chumba cha vyombo, ampli ikawekwa chini yake, na Isidore, aliyelala na gitaa lake chumba kimoja tangu ujana, akawa mtu wa kulitembelea.

Hata hivyo alikuwa na furaha, lazima niseme. Alikuwa na watu wa kupiga nao. Na Alphonsine, aliyekuwa bado kitandani akipona, alikuwa na furaha kuliko yeye. Nyumba yao iko juu ya mteremko. Maneno ya nyimbo hayafiki kule, kinanda hakifiki, mahubiri, namshukuru Mungu, hayafiki. Besi ilifika. Iliingia kwenye ukuta wa tofali za udongo, ikaingia kwenye kitanda.

"Naisikia hapa," aliniambia, akijigusa mbavu. "Akianza, najua iko wapi. Akiacha, naweka chakula kwa moto."

Roger alifia Mongbwalu kwa homa, wakamleta Bunia nyuma ya gari dogo, amefunikwa blanketi. Sisi wanamuziki wa hapa tuna desturi yetu. Mwenzetu akifa tunampigia mbele ya jeneza, na sehemu yake tunaiacha wazi. Wimbo unakwenda, unafika pale solo inapoingia, na hakuna anayeingia. Tunazunguka pale pale, kwa muda ule ule ambao yeye angeujaza, halafu tunaendelea. Jambo hilo haliwezekani bila besi, kwa sababu gitaa la solo likinyamaza ni besi inayoshika nyumba isianguke. Tulitafuta besi nyingine mjini. Moja haikuwa na shingo. Nyingine ilikuwa ya kanisa la mtaa wa pili, nayo imepakwa mafuta vilevile.

Isidore akaenda kuomba. Pasta Aaron si mtu mbaya, ningependa awe mbaya, ingenirahisishia. Alikataa kwa upole.

"Ndugu Isidore, tutaomba kwa ajili ya familia. Lakini ile gitara haiko yako tena."

"Ndiyo, Pasta," Isidore alisema. Akazunguka nyuma, akafungua chumba cha vyombo kwa ufunguo wa wanamuziki, akachukua gitaa, nami nikashika kishikio kimoja cha ampli.

Tulimpigia Roger uani kwa Solange, mke wake, mchana kweupe. Tulipofika kwenye nafasi ya solo tukaiacha wazi. Sijawahi kusikia ukimya wenye mwendo kama ule. Isidore alikuwa amefumba macho, anaizunguka ile nafasi polepole kama mtu anayefagia karibu na aliyelala. Solange alilia kwa kilio cha kumaliza, akatushika mikono mmoja mmoja. Ampli yangu ilingoja wimbo uishe. Ndipo umeme wa jenereta ukapanda ghafla, moshi ukatoka kwenye sanduku, transfoma ikafa. Wageni wengine walidhani ni ubani.

Jumapili iliyofuata Isidore aliwekwa chini ya nidhamu, wao wanasema *disipline*. Maana yake benchi la nyuma, hakuna Meza ya Bwana, hakuna kugusa chombo, mpaka utakapotubu mbele ya kanisa zima. Ufunguo ukachukuliwa. Mkono wa kushoto wa Ephraïm, kijana wa kinanda, ukarudi kazini. Isidore alikaa benchi la nyuma, lakini kutubu alikataa.

"Nitatubu nini, Kamate? Nilimuzika rafiki."

Ningemaliza habari hii hapo, na ingekuwa habari ya mtu aliyenyooka. Lakini tumbo la Alphonsine lilirudi. Walimfungua, wakamfunga, wakamwambia Isidore maneno yale ambayo hospitali inayasema ikimaliza yake: nendeni nyumbani, mukae naye. Akina mama wa kwaya walileta uji, na wakitoka mlangoni walinong'ona kwamba mtu akivunja ahadi, Mungu naye huchukua alichompa. Niliwasikia. Niliwauliza kama Mungu wao ana duka la kubadilishana vitu, wakaniambia ndiyo maana Wakatoliki tumepotea.

Alphonsine mwenyewe hakusema hivyo hata mara moja. Alimwita mume wake akae kitandani, nami nilikuwepo, nimeleta redio yao niliyoitengeneza.

"Mambo ya Mungu na gitara mimi sijue," alisema. "Lakini hii kitanda imenyamaza. Nataka niisikie tena mbele ya kuenda."

"Nitakuimbia," Isidore alisema.

"Weye unaimba mubaya. Nataka ile ya kanisa, inapanda huku pole pole. Nikiisikia sitaogopa."

Nilipotoka nilimwambia Isidore tuvunje mlango wa chumba cha vyombo. Mimi Mkatoliki, dhambi hiyo ningeiungama Jumamosi na mambo yakaisha. Alikataa. Gitaa lingefika nyumbani bubu, bila ampli, na hata likilia Alphonsine asingetaka lililoibwa. Alitaka lipigwe pale chini, kanisani, kama zamani. Kwa hiyo Isidore akaenda kwa Pasta Aaron akasema yuko tayari kutubu.

Nilikwenda siku hiyo, nikasimama mlangoni. Solange alikuwa benchi la tatu na nguo zake za msiba. Alibatizwa pale tangu usichana. Isidore alisimamishwa mbele, mikono pembeni.

"Ndugu, unatubu nini?" Pasta aliuliza.

"Natubu kutoka na gitara bila ruhusa."

Yule mzee wa mafuta akatikisa kichwa. "Ile ni moja. Taja ingine. Ulipiga nini kwa matanga?"

"Nilipiga muziki ya rafiki yangu."

"Ilikuwa muziki ya nani? Taja, ndugu, ufunguliwe."

Isidore alitazama chini. Nilimwomba moyoni asiseme, na nilimwomba moyoni aseme, kwa sababu nilikuwa nimemwona Alphonsine asubuhi ile na uso wake ulikuwa umebaki macho tu.

"Muziki ya Roger ilikuwa ya Shetani," alisema. "Nami nilitumika pamoja naye."

Kanisa likasema amina. Solange alisimama, akachukua Biblia yake, akapita katikati ya mabenchi mpaka mlangoni nilipokuwa. Hakulia.

"Roger aliniambia ile habari ya njia ya Mongbwalu," alisema. "Mwambie nilikuwa naijua." Akaenda zake. Ndani watu walipanga mstari wakiimba, wakamshika Isidore mkono wa kurudishwa kundini, nao mkono wake ulikuwa unaning'inia kama nguo. Nilimchukia kila aliyeushika, na sina uhakika nilikosea.

Alipewa ruhusa ya kupiga Jumapili itakayofuata. Juma lile nilijaribu kuifufua ampli. Niliifungua na kuifunga, nikaomba transfoma kwa kila fundi ninayemdharau, hakuna iliyofaa. Ikabaki mitambo mipya ya kwaya, spika nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya maneno. Nilimwendea Ephraïm nikamweleza kila kitu: mama yuko kitandani kule juu, spika moja igeuzwe dirishani, besi ipewe nguvu yote, na mkono wako wa kushoto ulale. Kijana alielewa. Alikuwa na machozi. Aliniahidi, na naamini alikusudia.

Jumapili ile Alphonsine aliamka ana nguvu kidogo. Gentille, binti yao, alimwegemeza mito, akamsogeza karibu na ukuta. Isidore alivaa shati jeupe akashuka mteremko.

Lakini siku ile walikuja wageni, viongozi wa makanisa kutoka mbali, wamepangwa mbele na makoti yao. Besi ilipoingia, mabati ya paa yakaanza kutetemeka na kulia. Mgeni mmoja akatazama juu. Yule mzee wa mafuta akamwonyesha Ephraïm kiganja, teremsha, na Ephraïm, mtoto mwema, mwenye heshima kwa wazee, akateremsha. Mabati bado yalilia. Akateremsha tena. Nilimwona Isidore akigeuza kitufe chake mpaka mwisho, kinakwaruza tu. Alimtazama Ephraïm, akainua kidevu: ongeza. Ephraïm alitazama kinanda chake.

Nilitoka nje nikafuata sauti nione inafika wapi. Kwenye ngazi niliisikia. Kwenye lango la uwanja niliisikia kwa sababu nilijua ninachokitafuta. Kwenye bomba la maji, akina mama wanapopanga bidoni zao, haikuwepo tena. Na kutoka bombani mpaka kwa Isidore bado kuna mteremko wote. Niliupanda hata hivyo, sijui kwa nini, labda nilifikiri pale juu upepo utasaidia.

Dirisha lilikuwa wazi. Alphonsine alikuwa ameelekea ukuta, kiganja chake kimebandikwa kwenye udongo, vidole vimetanuka.

"Ameanza?" aliuliza.

"Bado, mama," Gentille alisema.

Baada ya kitambo akauliza tena, na Gentille akajibu vilevile. Halafu akaniona nje, akaja mlangoni.

"Baba anapiga?"

"Anapiga sasa hivi," nilisema. "Haifiki."

Gentille alisimama pale akijifuta mikono ambayo haikuwa na maji. Kisha akarudi ndani. Alitaka kumpa mama yake kitu, na hakuwa na kitu kingine.

"Ameanza, mama."

Alphonsine alikibandika kiganja zaidi. Alisikiliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Basi ni masikio yangu," alisema. "Imetangulia kuenda."

Gentille alinitazama kupitia dirisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Angesema nini, kwamba amemdanganya? Alikaa chini kando ya kitanda akamshika mama yake mguu, na mimi nikashuka mbio kwenda kumwambia Ephraïm yale ambayo ningemwambia. Nilifika wakati wa baraka ya mwisho.

Isidore alitoka akiwa amelowa jasho mgongoni.

"Ilifika?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini yule ni mpiga besi, nami ni fundi.

"Ilifika kwa bomba," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Nilijua. Haikunigusa tumbo." Tukapanda pamoja. Pale bombani alisimama kidogo akatazama juu kwenye nyumba yake, akapima ule umbali kwa macho, akaendelea.

Alphonsine alikuwa amegeuzwa, anatazama mlango. Kabla Isidore hajavua viatu, alisema, "Baba Gentille, nimekusikia."

Isidore alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Yote?"

"Yote. Ule wimbo wa mwisho ulikwenda mbio kidogo."

"Ndiyo," alisema. "Nilikwenda mbio."

Akakaa kando yake, akamshika mkono uleule uliokuwa na vumbi la ukuta, akaufuta kwa shati lake jeupe. Alphonsine alifunga macho. Aliogopa, nilimwona akiogopa, na hakuna aliyekuwa na cha kumwondolea hofu ile. Hakuifikia Jumapili nyingine.

Matanga yalifanyika uani kwao. Kwaya iliimba, Ephraïm alipiga kinanda huku analia, na Isidore alikaa kwenye mkeka karibu na ukuta, mikono juu ya magoti. Pasta alikuwa amemwambia gitaa liko tayari akitaka kupiga. Alisema hapana, aksanti. Nilikaa upande wake wa kulia.

Solange alikuja jioni ya kwanza, jua likiwa bado juu. Hakuwa amemsalimia Isidore tangu siku ile ya kutubu. Walipokutana njiani alivuka upande wa pili. Alikaa mkekani mbele yetu, akavuta kitambaa chake kichwani kama inavyotakiwa.

"Nilisikia ulisema vile kanisani kwa ajili ya mama Gentille," alisema. "Ili akusikie."

"Ndiyo."

"Basi, alikusikia?"

Gentille alikuwa anapita na sinia ya chai, akasimama. Mimi nilitazama mkeka. Isidore aliinua uso wake.

"Alinisikia," alisema. "Yote."

Solange alimtazama usoni.

"Basi Roger hatakuwa na neno," alisema, akanyoosha mkono. Isidore akaupokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na hakuuachia mpaka yule mama alipouvuta mwenyewe.